Mtihani wa Kuzungumza Usio na Masikio

Kila mwaka, majuma machache kabla ya kilele cha Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne, mtahiniwa wa somo la Kifaransa huitwa kwa zamu yake katika chumba kimoja cha shule, akaketi mbele ya mtahini, akaulizwa maswali kwa Kifaransa na kuyajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Wa Kijerumani naye hufanya vivyo hivyo. Hao ni wachache mno. Wenzao wa Kiingereza, ambao ni takribani watahiniwa wote wa nchi hii, hawaitwi popote. Wao hungoja siku ya karatasi ya kwanza, wakaingia ukumbini pamoja, na huko, katika kimya ambacho hata kikohozi huwageuza shingo wasimamizi, wakaonyesha kwa kalamu namna ambavyo wangezungumza lau wangeruhusiwa kuzungumza.

Karatasi hiyo ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kuzungumza. Mtahiniwa hupewa shairi akaeleza kwa maandishi angelikariri vipi. Hupewa orodha ya maneno akaandika mengine yanayotamkwa sawa nayo. Hukamilisha mazungumzo ya watu wawili ambao hajawasikia, au hueleza angejitayarishaje kwa mahojiano ya kazi. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa macho peke yake, asiyepata kukitamka mbele ya kiumbe yeyote, anaweza kuzizoa alama hizo zote 30, wala sioni cha kumzuia.

Nayakumbusha haya kwa sababu gumzo la teknolojia limepamba moto katika shule zetu za upili. Hapa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi ukawa jiji Agosti 2024, ni nadra siku hizi kuhudhuria kikao cha walimu wa lugha bila ya kukuta mtu mwenye kompyuta ndogo mkononi, akieleza jinsi programu yake itakavyomfundisha mwanafunzi kutamka Kiingereza vizuri zaidi kuliko mwalimu. Mimi ni mtu wa isimu na sauti za lugha ndizo kazi yangu, kwa hiyo si mimi nitakayezipiga vita mashine zinazonasa sauti. Nasema hivi tu: hakuna chombo kitakachowafundisha vijana wetu kuzungumza maadamu mtihani wenyewe hauna masikio, na chombo tunachokihitaji zaidi ni kile cha bei rahisi kuliko vyote, yaani kinasa sauti, ambacho tayari kimo mfukoni mwa karibu kila mwalimu.

Msomaji asidhani kwamba tunaanza leo. Kenya ilikuwa mbele ya mataifa mengi katika jambo hili. Kati ya mwaka wa 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilishirikiana na wataalamu wa Marekani, kwa ufadhili wa shirika la USAID, katika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio kwa watoto wa madarasa matatu ya kwanza. Vipindi vilikuwa vya nusu saa kila siku ya masomo. Ubora wa mradi ule haukuwa katika redio yenyewe, kwani matangazo ya shule yalikuwapo kabla yake. Ulikuwa katika vituo vya kimya. Mtangazaji aliuliza swali kisha akanyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa, na darasa zima likajibu kwa sauti kabla hajaendelea. Mtoto aliyeketi nyuma kabisa, ambaye mwalimu mwenye wanafunzi hamsini asingeweza kumfikia kwa juma zima, alifungua kinywa mara nyingi katika kipindi kimoja. Walipopimwa, watoto wa madarasa ya redio waliwashinda wenzao katika kusikiliza na kusoma.

Mradi ulipomalizika, busara hiyo ya kimya haikuenea. Mimi niliingia shule ya msingi miaka michache baadaye, na redio niliyoikuta ilikuwa ya namna nyingine. Iliwekwa juu ya meza ya mwalimu, betri zake zikaanikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza kipindi, na sote tukaamriwa tunyamaze. Sauti ya mtu tusiyemjua ikatusomea hadithi kwa Kiingereza kizuri sana. Kipindi kikaisha, redio ikazimwa, tukaandika zoezi. Sikumbuki hata siku moja niliyotoa sauti mbele ya redio ile.

Kwa hakika sauti ya mtoto katika shule yetu ilisikilizwa kwa shughuli moja tu, nayo ni kumkamata. Wengi wa rika langu wanaikumbuka diski, kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya mamake, naye akakibeba hadi atakapomnasa mwenzake. Marehemu Ngugi wa Thiong'o ameyaandika yaliyompata yeye katika miaka ya ukoloni. Sisi tuliyapata miongo kadhaa baada ya uhuru. Matokeo yake, ambayo mwalimu wa lugha hana budi kuyazingatia hata leo, ni kwamba watoto wengi hawakujifunza kusema Kiingereza. Walijifunza kunyamaza katika lugha zote mbili.

Baada ya redio zikaja kaseti, na katika vyuo vichache maabara za lugha zenye vibanda na visikizio. Kisha zikaja kompyuta. Mwaka wa 2013 serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia mwaka wa 2016 vishikwambi vikasambazwa kote nchini, baadhi yake vikiletwa na muungano wa Chuo Kikuu cha Moi na kampuni ya Kireno ya JP Sá Couto. Mpango huo ulikuwa wa shule za msingi. Shule za upili zilibaki na zile maabara za kompyuta ambazo ufunguo wake, aghalabu, huwa na mwalimu mmoja ambaye hayupo. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga shule zote, masomo yakarudi redioni na kwenye televisheni, na kwa miezi mingi watoto wakasikilizishwa tena bila ya kusikilizwa.

Katika vyombo vyote hivyo, ukiondoa ule mradi wa miaka ya themanini, mashine imekuwa mzungumzaji na mwanafunzi amekuwa hadhira. Nilikuja kuona kinyume chake siku moja, nilipokwenda kumtathmini mwanafunzi wetu wa ualimu katika shule moja ya kutwa pembezoni mwa Eldoret. Darasa lilikuwa la kidato cha tatu, wanafunzi 56, madawati ya watu wawili yakikaliwa na watatu. Mwalimu huyo kijana hakuwa na kompyuta wala projekta. Alikuwa na simu yake, na kikombe cha bati alichokiazima jikoni.

Kazi aliyowapa ilikuwa kumwelekeza mgeni asiyejua mji, kutoka steji ya matatu hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kwa muda wa dakika moja. Walijitayarisha wanne wanne, kisha mmoja katika kila kundi akazungumza mbele ya simu. Alipowamaliza, akaitumbukiza simu katika kikombe ili sauti ivume, akawachezea walichokisema. Mvulana mmoja mrefu aliposikia sauti yake aliruka kama aliyechomwa mwiba.

"Mwalimu, huyo si mimi!"

Darasa likaangua kicheko. Kijana alikuwa na haki ya kushangaa, kwani kila mtu huisikia sauti yake kwa njia mbili, ya hewani na ya ndani ya mifupa ya fuvu, na mashine humpa ile ya hewani pekee, ambayo ndiyo wenzake wanayoisikia siku zote. Lakini kicheko kilikuwa na sababu nyingine. Neno la Kiingereza la "basi" lilikuwa limetoka kinywani mwake likiwa jina la usaha.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Lugha za Wakalenjin hazitofautishi maana kwa p na b, wala t na d, wala k na g. Kwa kila jozi hizo wao wana sauti moja, ambayo hulegea inapokaa kati ya irabu na kukaza inapoanza neno. Sauti za f, v, z na sh hazimo kabisa katika hazina yao ya asili. Kwa upande mwingine, irabu zao hugawanyika katika makundi mawili kwa jinsi shina la ulimi linavyosogezwa mbele au nyuma, na tena huwa fupi au ndefu. Kwa hivyo mtoto wa Kinandi ana sikio la kuzitenga irabu za "ship" na "sheep" kuliko mimi na wewe tuliolelewa na irabu tano za Kiswahili. Jirani yake wa Kikuyu anatatizwa na l na r, na wa Kijaluo anatatizwa na sh na s. Wote hao, pamoja na Wabukusu, Wakisii na Waturkana, huketi katika darasa moja la Eldoret. Kaseti iliyotungwa London haiwezi kujua ni nani kati yao anahitaji nini. Anayejua ni mwalimu, naye hawezi kulisahihisha asilolisikia.

Turudi kwa yule mvulana. Mwalimu hakulisemea lile neno la basi. Alimwuliza darasa likisikia, "Mgeni wako atafika?" Akaichezesha sauti tena. Safari hii hawakucheka, kwa sababu waligundua kwamba mgeni hakupotezwa na usaha, kwani hakuna mtu anayepanda usaha na kila mtu alikuwa amefahamu. Kilichompoteza ni mahali ambapo kijana alisema atashuka baada ya dakika kadhaa, na darasa likagawanyika pande mbili kama alisema 15 au 50. Kwa Kiingereza tofauti ya tarakimu hizo huning'inia kwenye mkazo wa silabi na mwisho wa neno, na yeye alikuwa ameyamwaga maneno yote kwa uzito mmoja, kama anayemimina mahindi guniani. Akaomba arudie. Mara ya pili alikwenda polepole, akaikaza tarakimu mahali pake, na mgeni akafika hospitalini. Lile neno la basi lilitoka vilevile kama mwanzo, na halikumdhuru mtu.

Katika dakika zile chache nilishuhudia mafundisho ya matamshi yenye maana kuliko mengi niliyoyaona katika vitabu. Mtafiti wa Kiingereza Jennifer Jenkins alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 2000 kwamba wageni wawili wanapozungumza Kiingereza, baadhi ya makosa huvunja maelewano na mengine hayavunji chochote. Urefu wa irabu, konsonanti nyingi za kimsingi na mahali pa mkazo mkuu katika sentensi ni mambo ya kushughulikiwa. Ile sauti ya th inayowatesa walimu tangu ukoloni si miongoni mwake. Kwa kipimo hicho p na b zina haki ya kufunzwa, nami sipingi, ila zisifanywe kichekesho huku lililompoteza mgeni likipita bila ya kuonwa.

Watu wa hapa wana mfano ulio karibu zaidi kuliko kitabu. Eliud Kipchoge, ambaye kambi yake iko Kaptagat, safari fupi kutoka mjini, amehojiwa na dunia nzima tangu alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna Oktoba 2019. Kiingereza chake kina lafudhi ya nyumbani kwao, na husema polepole, kwa vituo. Sijapata kusikia mwandishi wa habari akimwomba arudie.

Ni kwa sababu hiyo naziogopa programu zinazodai kumpa mwanafunzi alama za matamshi. Zimefunzwa kwa sauti za nani? Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi wa mifumo ya kampuni tano kubwa inayogeuza usemi kuwa maandishi, wakakuta kwamba ilikosea maneno 19 katika kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani weupe, na 35 katika kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani weusi. Ikiwa mashine hazimsikii vyema mzaliwa wa Marekani ambaye Kiingereza ndiyo lugha aliyonyonya, zitamfanyia nini msichana wa Turbo au Ziwa? Zimeboreka tangu hapo, na zipo juhudi za kukusanya sauti za Waafrika ili zifunzwe kwazo. Hata hivyo, kuipa mashine ya namna hiyo mamlaka ya kuamua alama za mtoto kungekuwa kumrudishia ile diski shingoni, safari hii ikiwa haina hata mwenzake wa kumpokeza.

Kunasa sauti na kuihukumu ni mambo mawili. Mashine inase, mwalimu ahukumu. Wanaosema haiwezekani kuwasikiliza watahiniwa wote wa nchi nawaomba wapige hesabu pamoja nami. Kwa miaka ya karibuni wanaofanya mtihani wa kidato cha nne wamezidi 900,000. Tukichukua idadi hiyo na kumpa kila mmoja dakika tano, tunapata saa 75,000 za usemi. Msahihishaji akisikiliza saa sita kwa siku kwa siku 15, atamaliza saa 90. Kwa hivyo wanahitajika wasahihishaji wapatao 833, na kila mtahiniwa akisikilizwa na wawili, kama ipasavyo, ni watu kama 1,700 nchi nzima. Baraza la Kitaifa la Mitihani huwakusanya maelfu ya walimu kila mwaka kwa usahihishaji wa karatasi. Na sauti zenyewe, zikihifadhiwa kwa ubora wa kawaida wa simu, hazipiti sana terabaiti moja, kiasi ambacho huingia katika kifaa kinachotosha mfuko wa koti.

Udanganyifu je? Upo na utakuwapo. Lakini karatasi za kuandikwa zimeibwa mara ngapi, hata ikabidi kuanzia mwaka wa 2016 zifungiwe katika makontena ya chuma yenye ulinzi wa polisi? Sauti ina fadhila moja ambayo mwandiko hauna, kwamba ni vigumu kumwazima mwenzako, na anayeshuku huweza kusikiliza tena. Simu za wanafunzi hazihitajiki na sitetei ziruhusiwe bwenini. Simu moja ya shule, mikononi mwa mwalimu, yatosha.

Kuna mtu atakayeniambia kwamba haya ni mambo ya fahari, na kwamba mtoto wa mkulima wa mahindi wa Moiben ana haja kubwa zaidi. Mwaka wa 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwapeleka wahudumu wetu wa afya kufanya kazi huko. Novemba mwaka huohuo aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza walikuwa wamefaulu 10 peke yao. Mitihani ya namna hiyo hupima stadi nne, na nusu yake, yaani kusikiliza na kusema, ni zile ambazo shule zetu hazizipimi kwa sikio. Wauguzi hao si wajinga. Walisoma kwa Kiingereza tangu utotoni, wakafaulu kwa Kiingereza, na wengi wao ni wana wa wakulima hao hao wa mahindi. Huenda siku ile mbele ya mtahini ilikuwa mara ya kwanza kwa baadhi yao kupimwa kwa kinywa.

Wakati wa kulirekebisha jambo hili ni sasa. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10 Januari 2026 na wanatarajiwa kumaliza gredi ya 12 mwaka wa 2028, huku mfumo wa 8-4-4 ukipangiwa mtihani wake wa mwisho mwaka wa 2027. Mtihani wao wa kumalizia haujaota mizizi. Na Kiswahili nacho kisisahauliwe, maana hicho hakipimwi kwa kinywa kabisa katika kidato cha nne, hata kwa zile alama za kalamu.

Kipindi cha yule mwalimu kijana kilikuwa kimebakiza dakika kumi hivi. Wanafunzi walikuwa wakigombea zamu, hata waliokuwa nyuma, na mvulana wa usaha alitaka kujaribu mara ya tatu. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye daftari lililojalidiwa kwa gazeti, akainua mkono.

"Mwalimu, hii itakuja kwa KCSE?"

Mwalimu alinitazama mimi kwanza, niliyeketi nyuma na fomu ya tathmini magotini, kisha akamtazama msichana.

"Haitakuja."

Msichana akashukuru kwa adabu na kuketi. Simu ikatolewa katika kikombe, vitabu vya marudio vikafunguliwa kwenye ukurasa wa maneno yanayotamkwa sawa, na darasa likaanza kuandika kwa kimya. Nami nikainama, nikaendelea kuijaza fomu yangu.